Pesa za shangazi na herufi chache baada ya kiulizi

Nimekuwa kimya kwa muda na kuna walioniandikia kuuliza kama nimehama nchi. Sijahama. Leo nataka kuwasimulia jambo ambalo nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu mwenye makosa ni mimi. Linahusu shangazi yangu anayeishi Likoni, duka moja la mtandaoni, na vile vijineno vinavyofuata alama ya kiulizi katika anwani ya tovuti.

Tuanze na vijineno vyenyewe, maana wengi wenu mmeviona na hamkuvitilia maanani. Mtu akikutumia kiungo kwenye WhatsApp utaona anwani inaanza vizuri, jina la tovuti, jina la ukurasa, halafu kinakuja kiulizi, na baada yake msururu wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu. Huo msururu ni vigezo. Kila kigezo kina jina na thamani, katikati kuna alama ya usawa, na kigezo kimoja hutenganishwa na kingine kwa alama ya &. Mfano wa kubuni ni huu:

https://duka.example/blenda?mshirika=4471&sub=k7m

Seva ya duka ikisoma hapo inaelewa kwamba mteja anataka kuona blenda, kwamba ameletwa na mshirika nambari 4471, na kwamba huyo mshirika ana alama yake ya siri, k7m. Duka halijui k7m ni nani wala halina haja ya kujua. Kazi yake ni kuihifadhi na kuirudisha kwenye ripoti, kando ya kila oda, ili mshirika mwenyewe ajue mteja alipitia mlango gani.

Mambo haya ni ya kale kwa kipimo cha intaneti. Amazon walianza mpango wao wa washirika mwaka 1996, na kitambulisho cha mshirika wao hukaa kwenye kigezo kinachoitwa tag. eBay wana customid kwa ajili ya alama yako mwenyewe, CJ wana sid. Mliowahi kutumia Google Analytics mnaifahamu utm_source na ndugu zake. Hiyo utm ni ufupisho wa Urchin Tracking Module, ukumbusho wa kampuni ya Urchin ambayo Google waliinunua mwaka 2005. (Na kama mnazitumia hizo utm, tafadhali andikeni kwa herufi ndogo daima. WhatsApp na whatsapp zitahesabiwa kama vyanzo viwili, kisha utashangaa mbona hesabu imepasuka katikati.)

Sababu ya kuhitaji vigezo ni kwamba HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni mgeni anayebisha hodi kwa mara ya kwanza. Kama unataka ajulikane ametumwa na nani, lazima aje na barua mkononi, na barua yenyewe ni kigezo. Akishaingia, duka huweka kidakuzi kwenye kivinjari chake ili aendelee kutambulika akirudi baadaye. Kidakuzi hicho kina maisha yake: Amazon, kwa mfano, wanakupa saa 24 mteja awe ameshaweka bidhaa kwenye kikapu. Barua ikipotea mlangoni, hata hivyo, hakuna cha kuandika kwenye kidakuzi.

Sasa tuje kwa shangazi.

Januari 2024 nilijisajili kama mshirika wa duka moja linalouza vyombo vya nyumbani. Kamisheni ilikuwa ndogo lakini niliona tukiwa wengi itajaa. Tukawa watu watano: mimi, rafiki zangu wawili wa chuo kikuu, binamu yangu wa Kilifi, na shangazi. Wao walikuwa na watu, mimi nilikuwa na tarakilishi. Akaunti ilikuwa moja, kwa jina langu, na sub ndiyo ingetutofautisha. Duka lingenilipa mimi mwisho wa mwezi, nami ningewagawia wenzangu kwa M-Pesa kulingana na ripoti.

Kati yetu sote shangazi ndiye aliyekuwa muuzaji wa kweli. Yumo kwenye vyama vitatu vya akina mama, na kila chama kina kundi lake la WhatsApp. Akisema blenda fulani ni nzuri, watu wananunua, kwa sababu wanajua asingesema kama hajaitumia.

Nilifanya kosa la kwanza mwanzoni kabisa. Kwa kuwa ningelipa kwa M-Pesa, niliona busara kutumia nambari ya simu ya kila mtu kama thamani ya sub. Ripoti ikija, nambari ya kulipa iko pale pale. Nilijisifu sana kwa werevu huo.

Mwezi Mei shangazi alinipigia.

"Mwanangu, hivi nambari yangu umeiweka wapi?"

Watu asiowajua walikuwa wakimpigia. Mmoja alidai mzigo wake umechelewa. Mwingine, mwanamume, alipiga usiku mara tatu na wala hakuwa akitafuta blenda. Kiungo kikisambazwa kwenye WhatsApp kinakwenda na kila kilichomo, na nambari ya shangazi ilikuwa imetembea kutoka kundi hadi kundi, wazi kama bango la barabarani. Zaidi ya hapo ilikuwa imelala kwenye kumbukumbu za seva ya duka, kwenye seva yangu, na kwenye historia ya kivinjari cha kila aliyebofya. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na nambari ya simu ya mtu ni data yake binafsi. Mimi niliyesomea sayansi ya kompyuta kwa miaka minne nilihitaji kuambiwa hivyo na mama anayeuza vitenge.

Nikaomba radhi, nikabadilisha. Kila mmoja akapewa alama ya herufi tatu isiyo na maana yoyote, na jedwali la nani ni nani likabaki kwangu peke yangu. Shangazi akawa k7m. Mpaka hapo ni sawa, na hivyo ndivyo ningemshauri mtu yeyote afanye.

Lakini nilikuwa nimeingia kwenye seva tayari, na nyinyi mnaoandika programu mnaijua tabia yetu. Ukifungua ukuta kurekebisha bomba, unaona na waya hazijanyooka. Viungo vyetu vilikuwa vinapitia anwani fupi kwenye seva yangu ya nginx, ambayo kazi yake ilikuwa kumpokea mteja na kumsukuma kwenye duka. Mstari wa zamani ulitumia rewrite:

rewrite ^/b/(\w+)$ https://duka.example/$1?mshirika=4471 redirect;

Nilikuwa nimesoma kwamba return ni safi zaidi na haina mzunguko. Kwa hiyo tarehe 3 Juni, saa tano usiku, ndani ya location yenye mchoro ule ule, nikaandika:

return 302 https://duka.example/$1?mshirika=4471;

Nikabofya kiungo, blenda ikatokea, nikalala.

Tofauti ya mistari hiyo miwili ni hii. Rewrite ikikuta mteja amekuja na vigezo vyake, inavibeba na kuviongeza mwishoni mwa anwani mpya bila kuulizwa. Return haifanyi hivyo. Inatoa hasa kile ulichoandika. Kuanzia usiku ule sub ya kila mmoja wetu ilikuwa inafika kwenye seva yangu na kuishia pale. Duka lilipokea mshirika=4471 na basi. Mauzo yalihesabiwa, kamisheni ikaingia, ila safu ya sub ilikuwa tupu.

Na lahajedwali langu la kugawa pesa lilisema hivi: kama sub haina kitu, andika mimi. Nililiandika hivyo mwezi Januari, nikidhani asiye na alama ni aliyekuja kupitia kiungo changu.

Jumapili ya kwanza nilimtumia shangazi hesabu yake: oda mbili. Jumapili ya pili: hakuna. Idd-ul-Adha ilikuwa imekaribia, na wiki hizo ndizo ambazo watu wa kwetu hununua vyombo. Akapiga simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, wiki nzima sijauza hata kimoja? Mbona jirani amepokea blenda yake juzi, nimeiona kwa macho yangu, na kiungo nilimpa mimi?"

Hapa ndipo ninapoona haya. Sikufungua seva. Nilimpa maelezo. Nilimwambia kuwa vivinjari siku hizi hukata vigezo vya kufuatilia watu, jambo ambalo ni kweli: Firefox waliweka uwezo huo mwaka 2022, na Apple wakaweka wao kwenye iOS 17 mwaka 2023. Lakini vivinjari hivyo hukata majina yanayojulikana, kama fbclid na gclid, na sub yetu haikuwa mojawapo. Nililijua hilo nilipokuwa nikizungumza. Nikaongeza kwamba pengine wateja wake wanaingia dukani wenyewe bila kutumia kiungo.

Akanyamaza kidogo. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Wakati huo huo mimi nilikuwa navuna. Safu yangu ilikuwa imepanda vizuri, nami nikaamini kwamba watu wa ofisini wameanza kunisikiliza. Nilinunua hata diski ya nje kwa kuitegemea pesa hiyo.

Tarehe 26 Juni binamu naye akaniuliza swali lile lile. Watu wawili siku moja hawaachi kuuza. Nikaandika amri ambayo ningepaswa kuiandika usiku ule wa tarehe 3:

curl -I "https://seva-yangu.example/b/blenda?sub=k7m"

Amri hiyo haifungui ukurasa. Inakuonyesha vichwa vya jibu tu, na kwenye mstari wa Location unaona mteja anapelekwa wapi hasa. Nilitazama mstari huo kwa muda mrefu. Mshirika yupo. K7m hayupo.

Kurekebisha kulichukua dakika moja: unaongeza &$args mwishoni mwa anwani, kabla ya nukta-mkato. Kurudisha pesa kulichukua wiki mbili.

Kulikuwa na oda 61 zisizo na sub katika siku hizo 23. Bahati ni kwamba nginx huandika kila ombi kama lilivyofika, kabla ya kulikatakata, kwa hiyo alama zote zilikuwemo kwenye kumbukumbu zangu pamoja na saa na dakika. Nilichukua saa ya kila oda kwenye ripoti ya duka na kutafuta mbofyo wa bidhaa ile ile uliotangulia. Lakini seva yangu ilikuwa imewekwa kuhifadhi kumbukumbu za siku 14. Kuanzia tarehe 3 hadi 11 hakukuwa na kitu, zimefutwa, na oda 23 zilikuwa humo.

Oda 38 zilizobaki niliweza kuzipatia wenyewe 31. Kumi na tisa zilikuwa za shangazi, saba za binamu, nne za rafiki zangu. Yangu ilikuwa moja.

Nilisafiri hadi Likoni, sikutaka kulisema hilo kwenye simu. Nilimweleza kadiri nilivyoweza, barua inayopotea mlangoni na kadhalika, nikamwambia kuna siku tisa ambazo siwezi kuzijua na kwamba nimefikiria tuzigawe kwa uwiano wa zile nyingine. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na daftari la shule la kurasa 96. Kila aliyemwambia amenunua alikuwa ameandikwa humo: jina, bidhaa, siku. Aliliweka kwa ajili ya mambo ya chama, ili ajue nani ana pesa mkononi mwezi gani.

Tulikaa mkekani, yeye akisoma, mimi nikitafuta kwenye ripoti. Tulipata oda zake 15 kati ya zile 23. Jumla nilikuwa na shilingi 8,160 zake, nikazituma pale pale. Oda 15 ambazo hazikupata mwenyewe, nane kutoka siku zile tisa na saba kutoka siku zilizokuwa na kumbukumbu, niliwagawia wenzangu wanne na mimi sikuchukua kitu. Diski ninayo bado.

Siku hizi sub ikiwa tupu lahajedwali linaandika "haijulikani", na pesa yake haitembei mpaka tujue. Kila nikigusa seva, programu ndogo hupitia viungo vyote na kuangalia kama alama iliyoingia ndiyo iliyotoka. Kumbukumbu zinakaa siku 90, bila nambari ya simu ya mtu yeyote.

Shangazi anaendelea kuuza. Kila Jumapili jioni yeye huanza kusoma daftari lake, kisha mimi nasoma ripoti. Wiki iliyopita tulitofautiana kwa oda moja, sufuria ya shilingi 1,850, na bado naitafuta.