Vitambaa vya Mkono: Kutoka Makina Hadi Kawangware

Mtu wa pwani akitajiwa Kibera, aghalabu humjia akilini bati lenye kutu, tope la masika na habari za fujo. Akitajiwa Kawangware, hukumbuka matatu za nambari 46 na msongamano wa watu. Ni nadra kumpata anayezihusisha sehemu hizo mbili za Nairobi na jambo lililo karibu mno na nyumba zetu, nalo ni kitambaa. Hata hivyo, huko wamo mafundi wasio na kiwanda wala mwajiri, wanaobuni nakshi zao wenyewe, wakazitia rangi au kuzichapa kwa mikono, mita baada ya mita.

Tuliwaendea kwa haja ya kawaida. Jamaa zetu walikuwa wakiandaa arusi na walitaka leso chache zenye jina la ukoo. Viwanda vikubwa havishughuliki na agizo dogo. Fundi wa mkono huweza kuchapa hata jozi kumi. Basi tukapanda gari moshi la Miritini na kushuka Syokimau, na asubuhi ya pili tulikuwa Makina.

Makina ni mtaa wa Kibera ambao Mswahili hajihisi mgeni ndani yake. Hapo pana msikiti, pana kanzu na buibui, na pana Wanubi, ambao ndio wenyeji wa kale wa mahali hapa. Wazee wao walikuwa askari wa asili ya Sudan katika jeshi la Waingereza la King's African Rifles, wakapewa makazi hapa mwanzoni mwa karne ya 20, palipokuwa bado msitu. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana hiyo hiyo ya msitu. Ilichukua zaidi ya miaka mia moja hadi jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288, mwaka 2017. Wanawake wa Kinubi wangali wakivaa gurbaba siku za sherehe, vazi la kujifunga ambalo mama wa Lamu angelitazama mara mbili kwa kufanana kwake na leso. Ukutani huangika tabaga, vifuniko vya chakula vilivyosukwa kwa nyuzi za rangi. Sisi tungeviita makawa. Kwa hiyo ujuzi wa kupanga rangi haukuletwa Kibera na wageni wala na misaada. Ulikuwapo tangu zamani, katika mikono ya kina bibi.

Nyuma ya nyumba moja tulimkuta mama akitengeneza batiki. Kitambaa chake ni pamba tupu, kwa kuwa nailoni na poliesta hazishiki rangi yake. Kwanza hukichemsha ili kutoa wanga wa kiwandani. Kisha huyeyusha nta kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko: nta ya mishumaa pamoja na kidogo ya nyuki. Ya mishumaa huvunjika ikawacha mishipa myembamba ya rangi. Ya nyuki hukunjika bila kuvunjika. Uwiano wa hizo mbili ndio siri ya kila fundi. Nta hupigwa kwa muhuri wa sifongo uliochongwa, na palipofunikwa rangi haipiti. Huanza na rangi nyepesi na kumalizia na nzito, akiongeza nta kila hatua. Kilichotushangaza ni pale alipokitoa kitambaa katika beseni kikiwa na rangi moja, na kabla hatujasema neno kikaanza kugeuka mbele ya macho yetu. Rangi hiyo hukomaa inapokutana na hewa. "Hapa ndipo mtu huomba Mungu, jamani," akasema mama yule huku akicheka, "kwa sababu ikikataa, hakuna kurudi nyuma."

Baada ya hapo huja maji, na maji ndiyo mtihani. Batiki huchemshwa ili nta itoke, kisha husuuzwa mara nyingi hadi maji yawe meupe. Kibera maji hununuliwa kwa mtungi. Fundi wa kiwandani hufungua bomba. Mama huyu huhesabu mitungi kabla ya kutaja bei. Katika miezi ya mvua tatizo huwa kinyume chake: maji yatoka mbinguni, lakini kamba ya kuanikia haikauki, na agizo la siku tatu huwa la siku tisa. Isitoshe, dawa zake ni kali. Tulifurahi kumwona amevaa glavu na kufunika pua.

Jirani na hapo liko soko la Toi, ambapo mitumba huuzwa kwa bei ambayo hakuna fundi awezaye kushindana nayo. Ndani ya mazingira hayo ndimo alimokulia David Avido Ochieng, mbunifu wa mavazi anayejulikana kwa jina la Lookslike Avido. Mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona, alishona barakoa na kuzigawa bure kwa watu wa mtaa wake. Mwaka 2023 akawa mstari wa mbele kuanzisha wiki ya mitindo ya Kibera, ili mavazi ya mtaa yaonyeshwe mtaani kwenyewe. Vijana wengi tuliozungumza nao walimtaja. Aliwathibitishia kwamba anwani ya Kibera si aibu ya kufichwa kwenye lebo.

Kutoka Kibera tulikwenda Dagoretti Corner, tukashika barabara ya Naivasha hadi Kawangware. Huku Kiswahili chasikika kwa lahaja nyingine, kwani sehemu hizi zimepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, Rwanda na Burundi. Mkongomani na kitenge ni kama sisi na leso: hamwezi mtu kumhadaa. Mitaani mna mafundi cherehani kila hatua chache, na miongoni mwao wamo wanaochapa. Kazi hiyo si ya wenyeji peke yao: jijini Nairobi shirika la RefuSHE, lililoitwa zamani Heshima Kenya, limewawezesha wasichana wakimbizi kutia rangi mitandio kwa mikono na kujipatia riziki.

Aliyetuchapia leso zetu ni kijana mwenye chumba kimoja na meza moja ndefu. Kazi yake ni ya skrini: wavu mwembamba uliotandazwa kwenye fremu ya mbao na kupakwa dawa inayogandishwa na mwanga. Mchoro huwekwa juu yake, fremu ikaanikwa juani. Palipozibwa na mchoro dawa hubaki laini na kuoshwa, na hapo ndipo wino utapita. Kila rangi huhitaji fremu yake. Leso yetu ilikuwa na rangi tatu, kwa hiyo kila kipande kilipita mezani mara tatu, na kila mara pindo, mji na jina vilipaswa kukaa mahali pake. Mwishowe kitambaa hupigwa pasi ya moto ili wino ushike.

Tulipomsifu, alinyamaza kidogo, kisha akatueleza jeraha lake. Mteja mmoja alimwomba ampelekee picha za nakshi tano kwa simu ili achague. Hakurudi tena. Miezi michache baadaye kijana alizikuta mbili kati ya hizo zikiuzwa mjini, zimechapwa kwa mashine, kwa bei chini ya gharama ya kitambaa chake yeye. Hakuwa na karatasi yoyote ya kumtetea.

Sisi watu wa pwani twapaswa kuuelewa uchungu huo kuliko wengine. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno kikoi, kwa tahajia ya kwao, liwe alama yake ya biashara. Wakenya na marafiki zao wakapinga, na ombi likashindwa. Kikoi kilipata watetezi kwa kuwa ni cha umma mzima. Nakshi ya kijana mmoja wa Kawangware haina mtetezi ila yeye. Sheria ya mwaka 2001 humruhusu mbunifu kusajili umbo au nakshi yake kwa taasisi ya KIPI, akapata ulinzi wa miaka 5 unaoweza kuongezwa mara mbili, hadi miaka 15. Ni heri asajili kabla ya kuonyesha kazi yake kwa watu. Lakini usajili huhitaji ada na nafasi, na mwenye kuhesabu mitungi ya maji huvikosa vyote viwili.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huku tuliona kizuri kikijitembeza mlango kwa mlango, na kuigiza kukijiuza chenyewe. Kinachoweza kugeuza hali hiyo ni mnunuzi, na mnunuzi ni sisi. Kila msimu wa arusi familia zetu huagiza leso, mitandio na sare. Tunapoagiza kwa fundi wa mkono, tusimtake bei ya mashine. Tumpe malipo ya mwanzo yatakayonunua kitambaa na rangi, na siku ya kuchukua mzigo tummalizie bila kumzungusha. Dini yetu imetuhimiza kumlipa mfanyakazi ujira wake bila kuchelewa. Na tusiichukue nakshi ya mtu tukampa mwingine, kwani hiyo ni mali yake hata kama haikufungiwa sandukuni.

Kwa anayetaka kujua kama batiki ni ya kweli, na aigeuze. Ya mkono hupenya pande zote mbili. Iliyochapwa kwa mashine huwa imefifia nyuma, na mishipa yake hujirudia sawasawa. Apitishe pia kitambaa cheupe chenye maji juu yake. Rangi ikihamia, haikuoshwa vya kutosha. Nyumbani ifuliwe peke yake kwa maji baridi, ianikwe kivulini.

Leso za arusi zilifika Mombasa salama. Pembeni mwa jina la ukoo tulimwomba kijana achape jina lake yeye kwa herufi ndogo. Alisita, akisema wateja huwa hawapendi. Tukamwambia sisi twapenda.