Kwa Watafuta Dawa wa Cape Town

Ndege kutoka Johannesburg ilitua Cape Town jioni ya Julai, mvua na upepo vikigombana. Koti langu la Kariakoo halikufua dafu. Dereva aliyenipeleka Rondebosch akauliza nimefuata nini. Nikamjibu: dawa ya malaria. "Hapa hatuna malaria," akasema, na hakukosea. Afrika Kusini ugonjwa huo uko kaskazini-mashariki, kuelekea Msumbiji.

Nilichofuata ni H3D, kituo alichokianzisha Profesa Kelly Chibale, Mzambia, mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Wanakemia wanaunda molekuli; sisi wa baiolojia ya kemikali tunapima kama zinaua kimelea cha malaria, na zinakishika wapi hadi kife.

Kesho yake nikapewa koti jeupe, miwani na sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Nilicheka peke yangu: bao lina mashimo 32, kumbe nimekabidhiwa mabao matatu! Kila kishimo kinatiwa damu yenye vimelea, kisha molekuli ileile kwa kiwango kinachopungua nusu kwa nusu. Mkono ukitetemeka kwenye pipeti, hesabu zote zimeharibika. Sahani ikakaa siku tatu kwenye nyuzi 37, katika hewa yenye oksijeni kidogo, maana kimelea hiki hakistawi katika hewa tunayovuta sisi.

Vimelea vilikufa, nami nikafurahi. Mwalimu wangu hata hakuinuka kitini. Molekuli hiyohiyo ilikuwa imeshajaribiwa kwenye vimeng'enya vya ini la binadamu, na ndani ya nusu saa karibu yote ilikuwa imevunjwa. Mgonjwa angeimeza asubuhi, adhuhuri damuni hamna kitu. Ikarudi kwa wanakemia, wabadilishe atomi hapa na pale, tuanze upya.

Ndiyo kazi yenyewe, sitaipamba. Hata MMV390048, molekuli iliyokijengea kituo hicho jina, inayozuia kimeng'enya cha kimelea kiitwacho PI4K, iliingia majaribio ya binadamu mwaka 2014, kisha ikaja kusimamishwa. Haikufika duka la dawa.

Wakati huohuo vimelea vinavyochelewa kufa kwa artemisinini, uti wa mgongo wa dawa ya mseto, vimeshaonekana Rwanda, Uganda na kwetu Kagera. Kwa hiyo wewe mwenye shahada ya kemia, baiolojia au famasia unayezunguka na bahasha mjini, peleka maombi na huku pia.