Mtumbwi Uko Wapi?

Sisi wa Mwanza tunayajua maji kwa namna mbili: yanabeba na yanameza. Kwamba yanaweza pia kukanyagwa kwa buti na kujengewa kibanda chenye jiko la kuni, hilo nililikuta Kanada nikiwa na miaka thelathini na ushei, na mpaka leo mwili wangu haujalikubali vizuri.

Mto ninaousema unaitwa Sainte-Anne. Unapita katika kijiji cha Sainte-Anne-de-la-Pérade, jimbo la Québec, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari kutoka Montreal, kisha unaingia katika mto mkubwa wa Saint-Laurent. Kila majira ya baridi, samaki wadogo wanaoitwa poulamon hupanda kutoka chini huko, karibu na bahari, kuja kutaga mayai chini ya barafu ya mto huu. Ni ndugu mdogo wa morue, yule samaki aliyewavusha wavuvi wa Ulaya bahari ya Atlantiki kwa karne nyingi. Mwaka 1938 mkazi mmoja, Eugène Mailhot, alikuwa akikata vipande vya barafu mtoni akawaona samaki hao. Tangu hapo, kila msimu kijiji kizima huota juu ya mto: mamia ya vibanda, vichochoro katikati yake, taa za umeme, watoto wanateleza. Barafu ikikaribia kulegea, vyote vinaburutwa nchi kavu, na mto unabaki mto.

Tulikwenda wanne. Jirani yetu wa Québec ndiye aliyekodi kibanda. Dada mmoja wa Mombasa, muuguzi, alibeba chupa ya chai ya tangawizi na mahamri. Mimi nilibeba woga. Wa nne ni rafiki yangu wa Uvira, ambaye njia nzima alikuwa kimya, kitu ambacho si kawaida yake.

Pale ukingoni nilisimama. Jirani akanieleza, kwa subira ya mtu aliyewahi kueleza wengi, kwamba mwongozo unaotumika sana nchini kwao ni sentimita 15 za barafu ngumu kwa mtu anayetembea na 25 kwa pikipiki ya theluji, na kwamba barafu ya rangi ya buluu ina nguvu kuliko ile nyeupe. Akaongeza kwamba mto haufanani na ziwa: mkondo unaila barafu kwa chini, wewe huku juu huoni kitu. Ndiyo maana wenye vibanda hutoboa na kupima kabla ya kumruhusu mtu yeyote. Nikauliza, sasa mimi nitajuaje? Akacheka. "Hutajua. Unamwamini aliyepima."

Basi nikakanyaga. Kulikuwa na nyuzi 18 chini ya sifuri na theluji ililia chini ya buti kama mchanga mkavu.

Ndani ya kibanda joto lilitupiga mpaka tukavua makoti. Kando ya ukuta sakafu imeachwa wazi, na chini yake barafu imekatwa kama mtaro mrefu. Humo unayaona maji: meusi, yanakwenda. Juu ya mtaro kuna mti uliolazwa, na kwenye mti ule mishipi inaning'inia kwa mstari, kila mmoja na ndoano yake. Chambo ni vipande vya maini ya nguruwe. Dada wa Mombasa aliyatazama, akaitazama dari. "Haya, na sisi wengine?" Mwenye kibanda, bila kushangaa, akaleta bakuli la kamba waliokatwakatwa.

Saa mbili za kwanza tulipata samaki wanne. Kibanda cha jirani walikuwa wanawatupa nje ya mlango, kwenye theluji, wanaganda papo hapo kama vijiti. Sisi tulikula mahamri.

Hapa lazima niseme kidogo kuhusu huyu rafiki yangu. Babake alivua Ziwa Tanganyika maisha yake yote, na yeye alianza kumfuata akiwa mtoto. Wanatoka usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, mitumbwi imefungwa pamoja kwa miti, taa zinawaka juu ya maji ili ndagala wapande kuufuata mwanga. Mwezi ukijaa wanapumzika na kushona nyavu. Hayo yote anayajua kama unavyojua kufunga vifungo vya shati. Montreal anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Katika fomu zote alizojaza tangu afike, hakuna mahali palipomuuliza kama anajua kusoma maji.

Na babake alikuwa mgonjwa. Mwezi wa tatu sasa, hatoki kitandani. Mkimbizi akirudi kule alikokimbia anaweza kupoteza ulinzi aliopewa, na kijana huyu ana watoto wawili wanaoutegemea ulinzi huo. Kwa hiyo hakuenda. Watu wanasema "hawezi kwenda" kana kwamba kuna mlango umefungwa. Hapana. Mlango uko wazi, na kila asubuhi anaamua upya kutokupita.

Saa nane mchana, yaani saa tatu usiku Uvira, alimpigia babake kwa video. Akageuza simu kuelekea mtaroni.

"Baba, unaona? Tuko tunavua."

Kimya. Kisha sauti nyembamba: "Mtumbwi iko wapi?"

"Hakuna mtumbwi, baba. Tumesimama juu ya maji na miguu."

"Juu ya maji?"

"Maji imekuwa jiwe."

Mzee alikohoa, nikadhani imetosha. Kumbe alikuwa anafikiri. Akauliza maji yanakwenda upande gani. Akauliza ndoano ziko umbali gani kutoka chini. Tukatazamana: hakuna aliyejua. "Ee mutoto wangu," akasema, na uzee ukaondoka katika sauti ile, akabaki bwana wa mtumbwi anayemkaripia kijana wa kazi. "Samaki ya baridi hana haraka. Hatapanda kukufuata. Teremusha mpaka chini kabisa, iguse, kisha pandisha kidogo tu."

Rafiki yangu aliweka simu juu ya benchi, ikielekea mtaroni, akaanza kushusha mshipi mmoja mmoja. Alifanya polepole, vidole vitupu, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza. Wa tatu ulitikisika kabla hajafika wa sita.

Tulivua mpaka jioni. Sikuhesabu, ila ndoo ilijaa na nyingine ikafika nusu. Mzee alikaa hewani mpaka chaji ya simu ya kule ikaisha, na kila samaki alipotoka alisema neno moja tu: "Mwingine."

Alifariki mwezi Machi. Matanga tuliyaweka Montreal, ghorofa ya tatu, viti vya kuazima, viatu vimejaa hadi kwenye ngazi. Marehemu alizikwa Uvira na mwanawe akatazama kwenye simu. Dada wa Mombasa alitoa kwenye friza yake samaki wa siku ile, akawakaanga kwa chumvi, ndimu na pilipili, akawapanga juu ya sinia kubwa. Wazee wa Kikongo waliokuja kutoa pole waliuliza hawa ni samaki gani, hawajawahi kuwaona.

"Ni ya baba," rafiki yangu akajibu. "Yeye ndiye aliyewavua."

Hakuna aliyembishia. Wakala, wakatoa miiba kwa vidole, mmoja akaomba aongezwe.