Ua Dogo la Mbololo

Waama, wengi wanaolilea ua la saintpaulia vyunguni, wawe Nairobi ama Chicago, hawana habari kwamba wanamlea mzawa wa miamba yenye kivuli ya Kenya na Tanzania. Mapema katika miaka ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alilikuta Usambara, akalipeleka kwao. Mnamo 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalibatiza kwa jina la mtawala huyo. Waingereza nao wakaliita urujuani wa Afrika, ilhali halina udugu wowote na urujuani. (Wajerumani wa kawaida, wapewe haki yao, hulitaja kwa jina la Usambara.) Tangu 2015 wanabotania wamelihamishia katika jenasi ya Streptocarpus.

Ajabu ya mmea huu imo katika jani. Mama mmoja auzaye miche kando ya barabara jijini Nairobi hana haja ya mbegu. Hukata jani lililokomaa, akabakisha kikonyo cha takriban sentimita 3 kilichokatwa mshazari, akakichomeka katika mchanga uliochanganywa na mboji, kisha akalifunika kwa nusu ya chupa ya plastiki. Baada ya majuma matatu au manne mizizi huota. Baada ya miezi miwili au mitatu vijimche huchungulia penye shina la kikonyo.

"Maji baridi yasiguse majani, mwanangu," humwonya mteja, "yataacha mabaka."

Azipendazo zaidi ni zile aina ndogo kabisa, ambazo upana wake hauzidi sentimita 15 na chungu chake hutoshana na kikombe cha chai.

Ila jani huzaa nakala ya mamaye, si mtoto mpya. Vyungu elfu vya aina moja ni mmea mmoja uliorudiwarudiwa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, umeiweza yote. Utofauti wa nasaba umo msituni, ambako mbegu huchanganya damu, na msitu ndio unaopungua. Katika Milima ya Taita misitu ya kiasili imebaki vipande vipande baina ya mashamba, misonobari na mikaratusi. Spishi iitwayo teitensis haijulikani kuota porini kwingine kokote duniani ila Mbololo.

Kulitafsiri jina la "urujuani wa Afrika" katika kamusi zetu ni kurithi kosa la Waingereza. Afadhali kwanza wazee wa Mbololo waulizwe, kwa Kidawida, mmea ule uotao mwambani wao huuitaje.