Mtoto Mkubwa Naye ni Mtoto



Wengi wenu ni vifungua mimba. Mmewabeba wadogo zenu mgongoni kabla hamjajua kusoma vizuri, mmewaogesha, mmewalisha uji, na pengine mmepigwa kwa ajili ya makosa yao. Kwa sababu hiyo nawaandikia ninyi habari hii ya nyumbani kwangu, ingawa sehemu yake moja inaniaibisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Bukavu. Mke wangu huuza vitenge katika soko la Kadutu. Tuna watoto wawili walio hai: binti wa miaka saba, na mvulana aliyezaliwa mwezi wa Mei mwaka jana. Binti yetu alipewa jina la marehemu mama yangu. Kwa hiyo, kama ilivyo desturi kwetu, ninamwita Mama. Katikati yao alikuwako mwingine. Nitamtaja baadaye.

Mvulana alipozaliwa, akina mama wa mtaa walikuja na sabuni, sukari na nguo ndogo ndogo, wakatuambia neno lile wanalowaambia wazazi wote: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nilitabasamu tu. Nilijiona mtu anayejua kulea, maana kila siku ninasimama mbele ya watoto zaidi ya sitini. Tangu masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa yetu yamejaa hata wanafunzi wengine wanaandikia magotini. Lakini watoto hao sitini, mchana ukifika, hurudi kwao. Mtoto mchanga mmoja harudi popote.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya kiangazi, na mambo yalikwenda vizuri. Tulimpeleka kupimwa uzito na kuchanjwa alipofikisha wiki 6, kisha wiki 10, kisha wiki 14, na kila mara dada yake alitaka kushika ile karatasi yenye mstari wa uzito unaopanda. Aliitazama njia nzima, akituuliza kama mstari ule unaweza kushuka. Tulimjibu kwa haraka kwamba mtoto akinyonya vizuri haushuki. Hatukujiuliza kwa nini anauliza.

Mwezi wa Septemba mvua zilianza, na shule pia. Yeyote anayekaa kwenye miteremko ya mji huu anajua mvua ya Septemba inavyofanya: udongo unateleza, maji ya mferejini yanageuka rangi ya matofali, na nguo hazikauki. Nepi za mtoto tulizitundika juu ya mbabula. Nyumba yote ilinuka makala na sabuni, na shati langu la kazini vilevile. Asubuhi moja nilimfungulia mkurugenzi daftari langu la maandalio ya masomo, naye akarudi nyuma hatua mbili. Mtoto alikuwa ametia saini yake kwenye somo la hesabu usiku uliotangulia, wakati mke wangu alipomlaza mezani kidogo ili afunge kitenge. Mkurugenzi, ambaye ni baba wa watoto sita, alilifunga daftari kwa kidole kimoja akasema, «Mwalimu, nimeona. Maandalio yako yamekamilika.»

Zilikuwako pia furaha ambazo sikuzitazamia. Cheko la kwanza la mtoto halikuwa langu wala la mama yake. Lilikuwa la dada yake, jioni moja alipokuwa akisafisha sambaza kwa ajili ya chakula cha usiku. Aliinua kasamaki kamoja kwa mkia, akakasemesha kwa sauti nyembamba, na mtoto akacheka kwa mwili mzima, miguu juu. Sote tukaacha kazi. Mke wangu alikuwa na mwiko wa ugali mkononi. Aliuweka chini akakaa. Tulimwomba Mama arudie, akarudia, mpaka ugali ukaungua upande mmoja, nasi tukaula hivyo hivyo bila kunung'unika.

Kwa hiyo mwezi wa Oktoba ulipoanza kuharibika, sikuelewa. Mtoto alikuwa amejifunza kulala masaa manne mfululizo, jambo ambalo mzazi wa mtoto mchanga hulipokea kama mshahara. Halafu akaanza kuamka tena. Usiku wa manane, kilio. Baada ya muda, kilio tena. Mke wangu alikwenda sokoni macho yakiwa mekundu. Mimi nilisahihisha madaftari nikisinzia, na siku moja nilimpa mtoto asiyestahili sifuri.

Kisha tukamkamata mwenye kosa. Usiku mmoja niliamka ghafula nikamwona binti yangu amesimama kando ya kitanda chetu, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa mdogo wake. Mtoto alishtuka akalia. Nilimwuliza anafanya nini, hakujibu. Nilimrudisha kitandani kwake. Usiku wa tatu baada ya huo alirudia tena. Hapo nilimpiga kofi la mkono, nikamwambia kwa sauti kubwa kwamba ana wivu, kwamba mtoto mkubwa kama yeye hana haya kumwonea mdogo wake. Hakulia. Alinitazama tu, akarudi kulala.

Asubuhi nilimweleza mke wangu maneno niliyoyasoma zamani nilipojifunza ualimu: kwamba mtoto aliyekaa peke yake miaka mingi huona mdogo wake kama mwizi. Nililieleza vizuri. Hata nilijisikia nimetulia, maana jambo likipata jina, mtu hudhani amelimaliza. Kuanzia siku hiyo nilianza kuona wivu katika kila alichofanya. Akikaa kimya, ni wivu. Akiacha ugali na lengalenga kwenye sahani, ni wivu. Akimbeba mdogo wake na kumkazia macho mno, ni wivu unaojificha.

Wiki moja baadaye mwalimu wake alinisimamisha njiani. Yeye na mimi tunafahamiana, ingawa tunafundisha shule mbalimbali. Alisema, «Mwalimu mwenzangu, binti yako anasinzia darasani kila siku. Jana aliangusha kichwa juu ya meza wakati wa imla. Je, nyumbani analala?»

Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa sababu aliniuliza jambo ambalo mimi, baba na mwalimu, sikuwa nimeliuliza. Usiku ule umeme ulikatika mapema. Nilijilaza bila kulala, tochi ya simu chini ya mto, nikiazimia kumkamata kabla hajamgusa mtoto.

Alikuja mara nne. Mara ya kwanza hakumgusa. Aliinama akaweka sikio karibu na mdomo wa mdogo wake, akasikiliza, akaenda. Mara ya pili aliweka kiganja kifuani pake. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne mvua ilikuwa kubwa juu ya mabati, na nadhani hakuweza kusikia chochote. Ndipo akamshika mguu akambonyeza kidogo. Mtoto akalia. Binti yangu akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua bidoni ya maji kutoka kichwani.

Sikuwasha tochi. Nilimwita kwa sauti ndogo: «Mama, kuja hapa.»

Alikuja akitetemeka, akidhani nitampiga. Nilimwuliza kwa nini anamwamsha mdogo wake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, «Papa, ninaangalia kama hajalala kama yule mwingine.»

Sasa inanipasa kumtaja yule mwingine. Binti yetu alipokuwa na miaka minne, tulizaa mtoto wa pili, mvulana pia. Akiwa na miezi miwili alishikwa na homa ya mapafu, na alikufa usiku mmoja kabla ya mapambazuko, mvua ikinyesha. Nyumba ilijaa watu. Dada yake tulimpeleka kwa jirani, naye alipouliza mdogo wake yuko wapi, mimi mwenyewe nilimjibu: «Amelala.» Nilidhani ninamhurumia. Nilidhani mtoto wa miaka minne hawezi kubeba neno lenyewe. Aliporudi nyumbani, mdogo wake hakuwako tena, nguo zake hazikuwako, na kila aliyemwuliza alimwambia anyamaze, mama yake anapumzika.

Fikirini sasa alichojifunza mtoto yule. Alijifunza kwamba mtoto mchanga akilala huenda harudi. Alijifunza pia kwamba wakubwa hawapendi kuulizwa. Kwa miaka mitatu alikaa na fundisho hilo, na sisi hatukujua, maana alikuwa mtoto mtulivu, na wazazi waliochoka humshukuru Mungu kwa mtoto mtulivu. Kisha akazaliwa mwingine. Naye akaamua, peke yake, bila kumwambia mtu, kukesha. Alikuwa akifanya kazi ya mlinzi katika nyumba ambamo watu wawili wazima walikuwa wakikoroma. Na mimi nilimpiga kwa ajili ya kazi hiyo.

Mke wangu alikuwa ameamka, alisikia yote. Aliinuka akamkalisha binti yetu katikati yetu, na huku mtoto akinyonya, nilimwambia lile nililopaswa kumwambia tangu mwanzo. Nilimwambia kwamba mdogo wake hakulala. Alikufa. Alikuwa na ugonjwa kifuani, na ugonjwa ulimshinda. Kulala ni jambo moja, kufa ni jingine, na anayelala akiwa mzima huamka. Nilimwambia pia kwamba nilimkosea, mara ya kwanza kwa neno na mara ya pili kwa mkono, nikamwomba msamaha. Sikuwahi kusikia baba akimwomba mtoto wake msamaha nilipokuwa mdogo, na ulimi wangu ulikuwa mzito. Aliuliza jambo moja tu: «Alilia?» Mama yake alijibu, «Alilia kidogo. Nilikuwa nimemshika.» Hapo ndipo binti yetu alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule, nasi tukalia naye.

Tarehe 2 Novemba, siku ya kuwaombea marehemu wote, tulikwenda sote wanne makaburini. Hatukuwa tumewahi kumpeleka. Alileta maua ya manjano aliyoyachuma kando ya njia. Aliuliza urefu wa mdogo wake ulikuwa gani, nami nikamwonyesha kwa mikono. Akasema, «Huyu wetu amempita sasa.» Tulirudi nyumbani kwa miguu, mtoto mgongoni mwa mama yake, yeye akitembea mbele akiruka madimbwi.

Tangu hapo nimeufikiri mara nyingi mfano wa baba na wana wawili ulio katika Injili ya Luka. Tunapouhubiri, tunamtazama zaidi baba anayemkimbilia mwana mdogo. Tunasahau kwamba baba yule alitoka nyumbani mara mbili. Karamu ikiwa imepamba moto, aliiacha akaenda nje kwa yule mkubwa, aliyesimama peke yake na moyo wake. Mtoto mdogo hulia, na kilio chake hutuita. Mkubwa mara nyingi hasimami mahali pa kusikika. Ni lazima mtu atoke amfuate.

Vijana, ninyi mlio wakubwa katika nyumba zenu, nawaomba msifiche mizigo yenu kwa kudhani kwamba ndivyo mkubwa anavyopaswa kufanya. Wazazi wenu si waovu. Mara nyingi wamechoka, na aliyechoka huona kile tu kinachopiga kelele. Mkiona wamewaelewa vibaya, tafuteni saa ya utulivu mseme. Na kama baba au mama hawezi kusikia, semeni kwa nyanya, kwa shangazi, kwa mwalimu. Mwalimu wa binti yangu alisema sentensi tatu njiani, na nyumba yetu ikapona. Nanyi mtakaokuwa wazazi kesho, msiwaambie watoto wenu kwamba mfu amelala. Waambieni ukweli kwa maneno madogo, huku mmewashika.

Mvulana wetu sasa ana miezi tisa. Juzi amepata chanjo ya surua, anakula uji wa mtama, soya na mahindi, na amevunja miwani yangu ya kusomea. Usiku bado anaamka. Lakini dada yake halali tena kwa jicho moja, na mwalimu wake ameniambia kwamba imla yake imekuwa safi. Wiki iliyopita, saa nane ya usiku, mtoto alipiga kelele hata majirani wakakohoa. Nilijifanya nimelala, nikimngojea mke wangu ainuke. Ndipo nikasikia sauti kutoka kitanda cha pili, nzito kwa usingizi:

«Papa, analia. Leo ni zamu yako.»

Kisha akajigeuza upande wa ukuta akaendelea kulala. Nami niliinuka, nikamchukua mtoto, nikatembea naye gizani huku akilia kwa nguvu zake zote.