Mchango, Mkopo au Hisa?

Ndugu msomaji, mwaka 2022 mimi na mshikaji wangu mmoja wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, tulikuwa na wazo. Ungetupita kijiweni jioni ungetukuta tunalipamba kama bibi harusi. Kisarawe kuna mihogo. Maili Moja kuna mama lishe na wakaanga mihogo. Katikati wapo walanguzi. Sisi tungewaruka hao: mama lishe anaagiza kwa simu jioni, alfajiri mzigo uko mlangoni. Kilichokosekana ni mshiko tu.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, kampuni ya NALA ya Mtanzania Benjamin Fernandes ilitangaza kupata dola milioni 10 kutoka kwa wawekezaji wa nje. Basi kijiwe kizima kikawa hakina hadithi nyingine. "Mwenzetu anapewa mabilioni, sisi laki sita zinatushinda?" Hakuna aliyekumbuka kwamba NALA ilikuwa imepita kwenye programu ya Y Combinator kule Marekani tangu 2019, na kwamba waliotoa fedha zile hawakuchangia. Walinunua sehemu ya kampuni. Sisi tuliona noti tu, maandishi ya nyuma ya noti hatukuyasoma.

Nikamwendea mjomba, nikamwomba laki moja. Akaniambia hali ngumu, mpwa wangu, rudi mwisho wa mwezi. Miisho ya mwezi mitatu ikapita. Ndipo nikamwendea dada.

Dada yangu ni fundi cherehani, na ni mwanachama wa VICOBA. Mfumo wa vikundi hivi asili yake ni Niger, ambako mwaka 1991 shirika la CARE lilianza kuwakusanya akina mama waweke na kukopeshana. Kwetu umekuwa kama mwenyeji. Kila wiki wananunua hisa, fedha zinaingia kwenye sanduku lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti. Mwanachama hukopa kulingana na akiba yake, mara nyingi hadi mara tatu. Dada akakopa laki sita kwa jina lake, akanikabidhi jikoni, pesa zimefungwa kwenye kitenge. Hatukuandikiana chochote. Ndugu na ndugu waandikiane nini?

Tukaenda Kisarawe tukajaza pikapu mihogo. Mteja hata mmoja alikuwa hajaagiza. Tulisema mali ikionekana watakuja wenyewe. Gari likazimika Kinyerezi, tukalala nalo siku moja na nusu tukitafuta kipuri. Sasa wewe unayeujua muhogo unajua: ukishang'olewa, siku mbili tatu unaanza kuharibika. Tulipofika Maili Moja, mama wa kwanza aliuvunja mmoja, akatuonyesha mistari ya bluu ndani. Hakusema kitu. Akaurudisha kwenye kiroba akaendelea kukoroga maharage yake.

Kikundi cha dada hakikujua habari za pikapu. Kilijua marejesho. Mwezi wa tatu dada aliuza cherehani.

Ndugu msomaji, nilikaa miezi nane sijakanyaga kwake. Nilikuwa nikimwona kwa mbali sokoni, napita kichochoro kingine.

Kilichonirudisha ni harusi. Binamu yetu alikuwa anaoa, na kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikateuliwa katibu wa kamati. Vikao kila Jumapili. Na kwenye kikao cha kwanza nani kasimama? Mjomba! Kaahidi laki tatu, na wiki ya tatu kazitoa taslimu. Nilikaribia kuvunja kalamu. Kumbe hali haikuwa ngumu, ilikuwa ngumu kwangu tu?

Lakini kadiri nilivyoandika zile ahadi, hasira ikageuka aibu. Kamati ilikuwa na mwenyekiti na mweka hazina. Ilikuwa na bajeti, kila kitu na bei yake. Ilikuwa na tarehe. Kila jioni orodha ilitoka kwenye kundi la WhatsApp: fulani kaahidi, kalipa, kabakiza. Na kila mchangaji alijua fika pesa yake ni nini: ni mchango, hairudi kwa fedha, itarudi siku atakapooza yeye. Mimi mjomba nilimpelekea nini? Maneno matamu na mkono mtupu. Hata bei ya kiroba nilikuwa siijui vizuri.

Siku ya harusi dada alinikuta nyuma ya ukumbi nikihesabu kreti za soda. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Mdogo wangu, nikuulize moja tu. Ile hela yangu ilikuwa nini? Nilikupa, nilikukopesha, au tulishirikiana?"

Sikuwa na jibu. Mimi niliichukua kama msaada. Yeye aliitoa kama mkopo. Mshikaji wangu alikuwa akitangaza kijiweni kwamba dada ni mbia. Pesa moja, majina matatu. Hapo ndipo biashara yetu ilipofia, kabla ya Kinyerezi.

Wenzangu mnaotafuta mtaji, hata wewe unayetafuta fedha za kuchapa diwani yako, ipe pesa jina kabla hujaipokea. Mchango haurudi, lakini una deni la heshima. Mkopo unarudi hata muhogo ukioza. Hisa haidai mwezi huu, ila mwenye nayo anakaa mezani kwako siku zote, faida ikija anakula na uamuzi ukifanywa anauliza. Liandikeni hilo jina, hata kwenye karatasi ya daftari.

Na milango ipo. Halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo uliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, ukasimamishwa Aprili 2023, ukarejea 2024. Lakini ukifika pale wanataka kikundi kilichosajiliwa, akaunti ya benki na andiko la mradi. Yaani ileile kamati ya harusi, bila tarumbeta.

Mimi nilianza upya kwa mtaji nilioupuuza: mteja. Nilizunguka Maili Moja na daftari, nikapata mama lishe wanne waliokubali kulipa nusu mapema kwa viroba viwili viwili. Nikapanda magari mpaka Gongo la Mboto, nikaunga la Kisarawe, nikang'oa kilichoagizwa tu. Faida ilikuwa ndogo, ila haikuoza.

Kila Jumamosi napita kwa dada. Nimeshalipa laki nne, zimebaki mbili, ziko kwenye karatasi yenye sahihi zetu wote. Mjomba naye juzi kaniuliza hisa ni kiasi gani. Nimemwambia asubiri kwanza. Mbele yake kwenye foleni kuna cherehani.