Pumzika, Lakini Baki

Wapenzi wa muziki, leo sileti Gengetone. Nataka nimsifie Mfaransa mmoja, Charlotte Gainsbourg, na albamu yake ya 2017 inayoitwa Rest. Kifaransa changu kinaishia kwa salamu, lakini jameni, hii albamu imenishika roho.

Kwanza mjue ilikotoka. Baba yake ni Serge Gainsbourg, mmoja wa watunzi wakubwa kabisa wa nyimbo Ufaransa. Yeye ndiye aliyemtungia Charlotte albamu ya kwanza, 1986, msichana akiwa bado mdogo. Serge akafariki 1991. Charlotte alipokuja kurudi studioni akiwa mtu mzima, aliimba sana kwa Kiingereza, na maneno mengi yalitungwa na wengine. Na utamlaumu? Ukiwa mtoto wa mtu kama huyo, ukishika kalamu uandike Kifaransa, kila mtu atakupima kwa babako.

Halafu Desemba 2013 akampoteza Kate Barry, dadake wa upande wa mama. Charlotte akaondoka Paris, akahamia New York. Sasa ndipo akaandika mwenyewe, tena kwa Kifaransa. Kuna wimbo unaitwa "Kate" tu, basi. Kuna mwingine, "Lying with You", kuhusu babake akiwa amelala maiti.

Na bado huu si muziki wa kukaa gizani. Prodyusa SebastiAn ameweka midundo ya disko kabisa. "Deadly Valentine" unaweza kuicheza kwa sherehe na watu wakasimama. Juu ya mdundo huo, sauti ya Charlotte ni ya kunong'ona, kama mtu anayeogopa kuamsha watoto. Wageni wanaweza kushangaa. Lakini sisi wenye disko matanga tunajua machozi na ngoma hukaa boma moja.

Kilichonimaliza ni jina lenyewe. Kwa Kiingereza ni "pumzika". Kwenye sikio la Mfaransa, linasikika kama "baki". Neno moja, maombi mawili yanayopingana. Sisi tukiona tanzia mtandaoni tunaandika "pumzika kwa amani", tunaongeza emoji, tunaendelea kusukuma skrini. Ile sehemu ya pili, "tafadhali usiende", tunaimeza.

Nafikiri ndiyo maana watu wa rika langu tunapenda kuomboleza kwa Kiingereza: hakiumi sana. Lugha ya nyumbani ndiyo inauma, kwa sababu ndiyo marehemu alitumia kukuita ule chakula. Charlotte alikwepa lugha yake miaka mingi, na msiba ndio uliomrudisha.

Kwa hivyo iskize usiku, ukiwa peke yako, hedifoni masikioni. Ikiisha, mwandikie yule uliyempoteza mistari miwili kwa lugha mliyokuwa mnaongea. Si lazima uposti.